Waliobaki Migodini: Wanyakyusa wa Kitwe, Mufulira na Johannesburg

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Nkunga, Wilaya ya Rungwe



Neno diaspora siku hizi halikauki redioni wala bungeni. Likitajwa, fikra zetu zinakwenda kwa daktari aliyeko London au kijana wa Minnesota anayemtumia mama yake fedha kwa simu. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba diaspora kongwe ya wilaya yetu haikwenda Ulaya. Ilishika njia ya kusini-magharibi kwa miguu, ikavuka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ikaingia Luanshya, Kitwe, Mufulira na Chingola, mahali inapochimbwa shaba. Wajukuu wake wako kule hadi leo. Kibemba kinawatoka vizuri kuliko Kinyakyusa na vitambulisho vyao ni vya Zambia. Lakini ukikuta jina linaloanza na Mwaka- katika daftari la shule ya Kitwe, huhitaji kuuliza sana: babu yake alitoka huku kwetu, au kwa ndugu zetu Wangonde ng'ambo ya Songwe.

Watu hawa tumewasahau, na sababu ninaiona. Habari za migodini tulisimuliwa na waliorudi. Aliyerudi alikuja na baiskeli, cherehani, bati za kuezekea na fedha za ng'ombe wa mahari; huyo ndiye aliyekaa barazani akaeleza mambo ya shimoni, na watoto wakamzunguka. Aliyebaki kule hakuwa na baraza hapa. Kwa hiyo tumehesabu vitu vilivyoingia, na watu waliotoka hatukuwahesabu.

Tuanze na kuondoka kwao. Jibu jepesi ni kodi ya mkoloni, na jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Kodi ilitozwa kila mahali. Na nchi hii ya mvua nyingi na migomba isiyokauka haikuwafukuza watu wake kwa njaa. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti hapa Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliliona jambo ambalo wazee mlioko hapa hamtalipinga: ng'ombe walikuwa mikononi mwa akina baba. Kijana alioa akipewa ng'ombe na baba yake, na baba mwenyewe mara nyingi alikuwa bado anaoa. Wanaume wazima walikuwa na wake wawili, watatu, wengine zaidi; vijana wakangoja, miaka ikawapita. Mshahara ukafungua njia nyingine. Kijana aliyekaa migodini mwaka mmoja na nusu au miwili aliweza kurudi akanunua ng'ombe wake mwenyewe, bila kumpigia baba yake magoti. Sehemu kubwa ya safari hizo, kwa maoni yangu, ilikuwa ugomvi wa kimyakimya kati ya vijana na wazee juu ya ndoa.

Miaka ya 1950 Philip Gulliver, mtaalamu wa mambo ya jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, aliitafiti safari hii na akatilia mkazo ardhi. Kahawa huku milimani na mpunga kule tambarare ya Kyela viliifanya ardhi itafutwe kuliko zamani. Desturi yetu ya vijiji vya rika, ambapo vijana walijenga kijiji chao na wakati wa ubusoka wazee wakawakabidhi nchi, ilihitaji nchi ya kukabidhiwa. Nchi ilipokwisha, rika zima lilijikuta linangoja. Ninyi mnaogawana robo eka na ndugu zenu mnalijua jambo hili bila kusoma kitabu.

Desturi hiyo ya vijiji vya rika iliwaandaa pia kwa namna nyingine, na hili nalisema mimi kwa kufikiri kwangu. Mvulana wa Kinyakyusa alitoka nyumbani kwa mama yake mapema akaenda kulala na wenzake wa umri wake. Walilima na kula pamoja na kuonyana wenyewe kwa wenyewe. Kijana wa namna hiyo akitiwa katika kambi ya wachimbaji, chumba kimoja na wanaume wenzake, maisha yale hayakuwa mageni kwake kabisa. Kilichokuwa kigeni ni king'ora, msimamizi Mzungu na giza la chini ya ardhi.

Shule ya kwanza ilikuwa karibu: machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, yaliyoanza kuvuta watu katika miaka ya 1920 na kuchemka kabisa katika miaka ya 1930. Mtu wa Rungwe alifika kwa siku chache, akafanya kazi, akarudi kupalilia. Mashamba ya mkonge hayakuwavutia sana watu wetu. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoundwa 1944 kukusanya manamba, ilipata watu wengi kwingineko katika nyanda za juu. Wetu waliusikia ujira wa shaba, wakaelekeza nyuso kusini.

Kopabelti, ukanda huo wa shaba, ilikuwa imeinuka ghafla. Mwishoni mwa miaka ya 1920 palikuwa pori. Mwaka 1930 migodi ya Roan Antelope kule Luanshya, Nkana kule Kitwe na mingineyo ilikuwa na wafanyakazi Waafrika zaidi ya 30,000. Kisha bei ya shaba ikaanguka duniani, migodi ikafungwa au kusimamishwa, na mwishoni mwa 1932 walikuwa wamebaki chini ya 7,000. Walioachishwa waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao ni zaidi ya kilomita 1,000. Migodi ilipofunguliwa tena waliitwa tena. Wakubwa wa serikali na wa kampuni walishikilia wazo moja kwa miaka mingi: Mwafrika wa mjini ni mpita njia, mji si wake, kijijini ana shamba, basi akizeeka au akiumia kijiji kitamtunza. Wazo hilo liliwaokolea fedha nyingi. Pensheni ya mchimbaji ilikuwa shamba la mkewe, na shamba hilo, akina mama, lilikuwa hapa Rungwe, likilimwa na nyanya zenu.

Mtu aliyelipinga wazo hilo kwa ushahidi alikuwa ametoka hapahapa. Godfrey Wilson, baada ya miaka yake ya Rungwe, aliteuliwa 1938 kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, akaenda kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa mji wa mgodi wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe. Alichoonyesha ni kwamba wengi wa watu wale waliokuwa wakiitwa wageni walikuwa wametumia sehemu kubwa ya maisha yao, tangu watoke vijijini, wakiwa mijini. Kampuni ya mgodi haikufurahi kumwona akikaa na wafanyakazi wake, ikamfungia mlango. Alifariki 1944. Monica alirudi Rungwe 1955 kuangalia yaliyobadilika, na vitabu vyake juu yetu vikaendelea kutoka hadi 1977. Nasikitika kwamba vitabu hivyo, vilivyojaa maneno ya babu zetu, ni adimu katika wilaya iliyovizaa.

Tuseme sasa juu ya migomo, maana Wanyakyusa waliishi ndani ya historia hiyo pamoja na Wabemba, Wabisa, Walozi na watu wa Nyasaland. Mei 1935 serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilipandisha kodi ya watu wa migodini kutoka shilingi 12 na peni 6 hadi shilingi 15, na habari zikawafikia bila maelezo ya maana. Mufulira wakaacha kazi, Nkana wakafuata, kisha Luanshya, ambako polisi walifyatua risasi wakaua watu 6. Baada ya ghasia zile watu wa serikali waliulizana kama vyama vya ngoma ya mbeni vilihusika. Ngoma hiyo ya gwaride na vyeo vya kijeshi ilizaliwa pwani ya Afrika Mashariki, huko Lamu na Mombasa, ikasambazwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikapita Tanganyika hadi migodini. Nalitaja jambo hilo kwa sababu linatufundisha kwamba njia ya shaba ilipitisha mambo mengi kuliko miguu ya wachimbaji. Ngoma, dini, mitindo ya mavazi na namna za kujipanga vilipita humohumo. Aprili 1940 wachimbaji waligoma tena wakitaka ujira bora, na kule Nkana askari waliua watu 17.

Tangu 1931 kampuni ya Roan Antelope ilikuwa imeweka wazee wa makabila, kila kabila na mwakilishi wake, wa kusuluhisha ugomvi na kupeleka maneno kwa meneja. Walisaidia ndoa na misiba kuliko ujira. Chama cha Wachimbaji Waafrika kilipoanzishwa 1949 chini ya Lawrence Katilungu, hakikutaka mfumo huo, na 1953 wachimbaji wenyewe waliukataa kwa kura nyingi mno. Msimu wa mtu kuzungumza na mwajiri kama Mnyakyusa au Mbemba ulikuwa unakwisha. Shimoni alizungumza kama mchimbaji.

Lakini mgomo na chama havitoshi kuifanya jamii. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuja kwangu. Kilichowafanya Wanyakyusa wa Kopabelti wawe jamii ni wanawake.

Kampuni za shaba, tofauti na za dhahabu za Afrika Kusini, ziliruhusu wachimbaji kuja na wake zao. Hazikufanya hivyo kwa huruma. Ziliona kwa jirani zao wa Katanga kwamba mwenye mke hakai miezi michache akaondoka. Anakula vizuri, anajifunza kazi, anarudi zamu. Mke wa Kinyakyusa aliyefika Mufulira alipewa nyumba ndogo katika mstari wa nyumba zinazofanana, posho ya unga, na bomba la maji la watu wengi. Alitakiwa kuthibitisha kwamba ameolewa kweli, kwani serikali na machifu waliogopa wanawake wasio na mtu wa kuwaamrisha. Alilima bustani pembeni mwa mji, akapika pombe na kuuza, akashona. Akazaa.

Fikirini jambo moja la mila. Kwetu, mke alimkwepa baba mkwe wake: hakumtazama, hakupita alipokuwa, hata majina yaliyofanana na lake aliyaepuka. Kule mjini baba mkwe alikuwa mbali, wiki kadhaa za mwendo. Mwanamke aliyekulia chini ya mwiko ule aliweza kutembea barabarani ameinua kichwa. Sisemi mila ilikuwa mbaya. Nasema kuna wanawake ambao Kopabelti iliwapa nafasi ambayo Rungwe haikuwa nayo, na baadhi yao hawakutaka kurudi hata waume zao walipotaka. Zinapohesabiwa sababu za kubaki, hii haitajwi.

Na kifo ndicho kilichowakusanya. Kila anayetoka hapa anajua msiba wa Kinyakyusa: watu kufurika, ngoma, chakula, ng'ombe kuchinjwa, siku za kukaa. Mtu akifa Chingola, ndugu zake wako mbali na maiti haingoji. Watu wa nyumbani walichangishana kumzika na kumtuma mtu, au barua, kupeleka habari. Mchango wa msiba ulimtambulisha mtu kuwa wa kwetu hata kama hakurudi miaka 20, na kuikusanya ile michango, kupika na kulaza wageni vikawa mikononi mwa wanawake.

Kanisa lilikuja kwa njia hiyohiyo. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika Rungwe 1891, kwa hiyo wengi walioondoka miaka ya 1930 walikuwa wamekwisha kushika Biblia. Kule hawakukuta misheni yao. Tangu 1925 Wakristo Waafrika waliotoka misheni mbalimbali walikuwa wamejikusanyia kanisa la muungano kule Ndola, wakihubiri na kulipa wenyewe bila Mzungu wa kuwaongoza. Kanisa la Moravian la Zambia la leo lina mizizi yake kwa waumini waliotoka Tanzania. Hayo ni matunda ya wahamiaji, na tuyaseme kanisani kama tunavyosema habari za wamisionari wa Kijerumani.

Sasa tazameni Johannesburg, mwone tofauti.

Wenela, shirika la migodi ya Witwatersrand la kukusanya wafanyakazi, liliundwa 1900. Mwaka 1913 Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwachukua watu wa kaskazini ya latitudo ya nyuzi 22 kusini kwa sababu walikuwa wanakufa kwa nimonia kwa wingi wa kutisha. Katika miaka ya 1930 marufuku ililegezwa, mawakala wakapanda hadi kwetu. Miaka ya 1950 shirika lilikuwa na ndege zake za kuwaleta watu wa kaskazini hadi Francistown, Bechuanaland, na kutoka hapo treni mpaka Johannesburg. Watanganyika walikwenda kwa maelfu. Mkataba ulikuwa wa miezi; sehemu ya mshahara ilizuiwa ili mtu alipwe akirudi kwao. Aliishi katika kompaundi ya wanaume watupu, akajifunza Fanakalo, ile lugha ya amri ya shimoni, akashuka kwenye joto kali chini ya ardhi, na mkataba ukiisha akarudishwa. Hakuruhusiwa mke. Ndiyo maana hakuna mtaa wa Wanyakyusa Johannesburg kama ilivyo jamii yao Kitwe. Wenela ilijenga nyumba nyingi za bati Rungwe, ila haikujenga jamii yoyote ugenini, na iliazimia isijenge.

Uhuru ulipokaribia, jambo hili lilikuwa la aibu. Machi 1961 Nyerere aliandika katika gazeti la Observer la Uingereza kwamba Tanganyika haitaweza kukaa katika Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini ya ubaguzi; Mei mwaka huo Afrika Kusini ikatoka. Mara tu baada ya Uhuru serikali ya TANU ilifunga milango ya Wenela.  Nauona uamuzi ule wa serikali kuwa wa haki. Gharama yake ililipwa na familia maskini za kusini, bila kuulizwa na bila kufidiwa, na hilo nalo lisemwe.

Deni lingine bado halijalipwa. Vumbi la mwamba wa dhahabu huingia mapafuni na kubaki. Huyatia makovu, huyafungulia mlango kifua kikuu, na mara nyingi mtu hugundua akiwa amekwisha kurudi kijijini. Wazee wangapi wa milima hii walikohoa miaka mingi, tukasema ni baridi ya Rungwe? Wachimbaji wa Afrika Kusini walizishtaki kampuni za dhahabu. Mwaka 2018 yakafikiwa makubaliano, mahakama ikayaidhinisha 2019, na ukaundwa mfuko wa Tshiamiso kulipa wagonjwa na warithi wao, pamoja na watu wa Lesotho, Msumbiji, Malawi na kwingineko. Sharti lake ni kwamba mtu awe alifanya kazi katika migodi inayohusika kati ya 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Tazameni tarehe hiyo. Tanganyika iliacha kupeleka watu karibu miaka mitatu kabla. Mtu aliyevuta vumbi lilelile 1958 yuko nje ya mlango. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza kukataa, na kwa kukataa mapema watu wake wakakosa. Sijasikia serikali yetu ikiuliza swali hilo kwa sauti, na naona inapaswa kuuliza.

Turudi Kopabelti. Hadi 1961 Mnyakyusa wa Kitwe alikuwa mtu wa himaya ileile ya Mwingereza, amehama wilaya tu. Zambia ilipojitawala 24 Oktoba 1964 akajikuta mgeni. Serikali mpya, kwa haki kabisa, ilitaka kazi ziende kwanza kwa raia wake, na asiye raia akahitaji kibali. Wengine walirudi. Wengine walichukua uraia. Wengine walinyamaza wakaendelea kushuka shimoni. Tarehe 25 Septemba 1970 tope la mabaki ya mgodi lilipasua na kumiminika ndani ya mgodi wa Mufulira, likaua wachimbaji 89. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, watoto wa wahamiaji hawakuwa na mahali pa kurudi. Hapa Rungwe hawakuwa na shamba, kwani lilikuwa limekwisha kugawanywa kwa waliokuwepo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa 1976. Safari iliyokuwa ya wiki ikawa ya siku, na ndizi na mchele wa Kyela vikaanza kupita walikopita babu kwa miguu.

Hali ya mtoto wa mhamiaji Zambia ilionekana kwa Kenneth Kaunda mwenyewe. Baba yake alikuwa mmisionari kutoka Nyasaland. Katiba ya 1996 ilimtaka mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia, ikamzuia mtu aliyeiongoza nchi miaka 27, na 1999 mahakama kule Ndola ikatamka kwamba hana uraia. Baadaye shauri lile likamalizwa, akabaki Mzambia. Kama yalimfika Kaunda, mchuuzi wa Mufulira mwenye jina la Mwaka- alilala vipi siku hizo?

Katiba ya Zambia imeruhusu uraia pacha tangu 2016. Sisi hatuuruhusu kwa mtu mzima; kilichozungumzwa badala yake ni hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Nilifuatilia mazungumzo hayo, na mifano iliyotolewa ilikuwa ya watu wa Marekani na Uingereza, wenye mtaji. Mjukuu wa mchimbaji wa Chingola anayetaka tu kuzika kwa babu yake, kujua ukoo wake na kununua kiwanja Tukuyu hakutajwa. Atathibitishaje asili yake? Babu yake hakuwa na pasipoti. Alikuwa na kitambulisho cha kazi na karatasi ya kodi, na pengine barua moja kwa ndugu yake aliyebaki hapa.

Vitu hivyo viko darini kwenu, ndani ya masanduku ya bati. Mwenye kitambulisho cha mgodi, karatasi ya Wenela, risiti au picha iliyopigwa Nkana au Luanshya, asiitupe wala asiichome msimu wa kufagia nyumba. Meza iko pale mlangoni, na walimu wawili wamekubali kukaa nami kuandika hadi jioni: jina la aliyekwenda, kijiji chake na malafyale (chifu) wake, mgodi aliofanya kazi, mwaka wa mwisho aliposikika, na jina la mke aliyefuatana naye.